Redifishi wa Galveston Maji Yakishapoa

Mtu aliyekulia Bagamoyo, Kilwa au Lamu akihamia Houston na hamu ya kuvua ikamrudia, kitu cha kwanza anachouliza ni mwezi. Bamvua lini, maji mafu lini, yanaanza kupwa saa ngapi. Hesabu hiyo aliikuta kwa wazee na haijapata kumtupa. Ghuba ya Galveston itamtupa. Unguja maji ya bamvua hupanda na kushuka karibu mita nne; Galveston tofauti ya kujaa na kupwa kwa kawaida haifiki hata nusu mita. Kinachoijaza na kuikausha ghuba hiyo, hasa kuanzia Desemba hadi Februari, ni upepo. Na kinachomhamisha redifishi toka pahala hadi pahala ni joto la maji. Ukiyashika hayo mawili umeishika kazi. Yaliyobaki ni chambo, subira na nguo za kutosha.

Ninaandika kwa ajili ya mvuvi wa kawaida: mwenye fimbo moja au mbili, gari la familia, pengine kayaki ya kukodi, na Jumamosi moja asiyoingia kazini. Wenye boti za injini mbili wana walimu wao.

Kwanza umjue unayemfuata. Redifishi ana mwili wa rangi ya shaba, tumbo jeupe, na doa jeusi karibu na shina la mkia. Wengine wana madoa mawili, matatu au zaidi, na hao si aina nyingine. Jina lake la kisayansi ni Sciaenops ocellatus. Huzaliwa karibu na milango inayounganisha ghuba na bahari kuu, kati ya Agosti na Novemba; makinda husukumwa na maji hadi ndani ya ghuba, na humo hukulia miaka mitatu minne kabla ya kutoka kuungana na wakubwa zao katika Ghuba ya Meksiko. Wakubwa hao wanaweza kuishi miaka 40. Kwa hiyo samaki utakayempata ghubani wakati wa baridi ni kijana, wa kilo moja na nusu hadi kilo nne hivi, na vijana hao hawaondoki baridi ikija. Kamba weupe huondoka, wakashuka baharini mwishoni mwa vuli. Hongwe, wale wezi wa chambo wanaomsumbua mvuvi kiangazi kizima, nao huyahama maji mafupi. Redifishi hubaki, akala kaa, mkizi wadogo na visamaki vya matopeni. Hiyo peke yake ni sababu nzuri ya kuvua majira haya: washindani wa chambo chako ni wachache, majini na nchi kavu.

Ila samaki hana moto wake mwilini. Maji yakiwa nyuzijoto 15 au zaidi za Selsiasi anatembea na kula vizuri. Yakikaribia 10, yaani 50 kwa kipimo cha Farenhaiti kinachotumika Marekani, anapunguza mwendo, anajikunyata chini na kula mara chache. Haachi kula kabisa. Anakuwa mvivu tu, na mvivu hafuati chakula; chakula lazima kipite mbele ya mdomo wake.

Upepo na hatua zake nne

Majira ya baridi Texas si baridi ya mfululizo. Hewa baridi hushuka kutoka nyanda za kaskazini kwa mawimbi, moja kila baada ya siku nne, tano au saba hivi, na katikati yake kunaweza kuwa na siku za kuvaa fulana. Kila wimbi lina hatua zile zile, na anayezijua anaweza kupanga safari kwa kuangalia utabiri wa hewa badala ya kalenda ya mwezi.

Hatua ya kwanza ni siku moja kabla ya wimbi kufika. Upepo unatoka kusini-mashariki, hewa ni nzito na ya vuguvugu, mawingu yametanda, na mgandamizo wa hewa unashuka. Upepo huo unayasukuma maji ya bahari kuingia ghubani, kwa hiyo maji ni mengi, yamepanda hadi kwenye majani ya kingo. Samaki wanakula kwa pupa. Siku hii ukiweza kutoroka kazini, toroka. Ila jua saa ambayo utabiri unasema wimbi litafika, na uwe umeshatoka majini saa mbili kabla yake.

Hatua ya pili ni kufika kwenyewe. Upepo hugeuka kwa dakika chache tu, kutoka kusini hadi kaskazini-magharibi, mara nyingi na mstari wa mvua mbele yake. Joto linaweza kuanguka nyuzi 10 na zaidi kabla ya jua kuzama. Ghuba ni pana lakini kina chake cha wastani ni kama mita mbili tu, na maji mafupi ya aina hiyo hufanya mawimbi mafupi, yaliyokaribiana, yanayoingia kwenye chombo kidogo moja baada ya jingine. Hakuna samaki wa kumsubiri hapo.

Hatua ya tatu ni siku moja au mbili za mbingu safi, jua kali lisilo na joto, na upepo wa kaskazini usiokata. Upepo huo unayafukuza maji kutoka ghubani. Asiyewahi kuliona jambo hili hushangaa: mahali palipokuwa na maji ya kiunoni juzi, leo pana tope linalong'aa, miamba ya chaza imetoa migongo nje, na kunguru wanatembea. Redifishi wote waliokuwa hapo wameshuka kwenye mifereji, kwenye mashimo, kwenye njia za boti. Wamebanana. Unaweza kuwavua humo, kwa chambo cha kunuka na subira nyingi, lakini mimi hatua hii nashauri uitumie kwa kazi nyingine: nenda bila fimbo. Tembea ukingoni na simu yako, upige picha. Ghuba imevuliwa nguo. Kila mfereji mdogo unaopita katikati ya tope, kila shimo lililobaki na maji, kila mgongo wa chaza ambao siku nyingine hauonekani, leo uko wazi. Saa moja ya kutazama siku hiyo inazidi msimu mzima wa kubahatisha. Weka alama kwenye ramani ya simu: hapa mfereji unapinda, hapa kuna shimo, hapa chaza wanaishia.

Hatua ya nne ndiyo yenyewe. Upepo umekufa au umeanza kuzunguka mashariki, jua liko juu, maji yanarudi polepole kuyafunika matope. Tope lile jeusi limekuwa likinyonya jua tangu asubuhi, na maji mafupi yanayopita juu yake yanapata joto haraka kuliko ya mferejini. Tofauti ya nyuzi moja au mbili tu inatosha. Kaa wadogo wanaanza kutembea, mkizi wanapanda, na redifishi waliokaa siku mbili shimoni wanafuata.

Kutokana na hayo, usimsumbue jogoo. Alfajiri, ambayo kiangazi ni saa ya dhahabu, majira haya ndiyo saa ya maji baridi kuliko zote. Kunywa chai yako, ondoka Houston saa nne asubuhi, uwe majini kuanzia saa saba mchana hadi jua linapokaribia kuchwa, ambalo Januari huchwa kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Wapi pa kusimama

Wavuvi wengi wageni wakisikia samaki wamekimbilia kina, wanatafuta kina. Wakisikia samaki wamepanda kwenye tope kuota jua, wanatafuta tope. Unachotakiwa kutafuta ni mahali viwili hivyo vinapopakana: tope jeusi la maji ya magotini lililo hatua chache kutoka mfereji wa mita mbili au tatu. Redifishi wa baridi hapendi safari ndefu. Anataka chumba cha kulala na jiko mlango kwa mlango. Tope zuri lililo mbali na kina huwa tupu, na kina kisicho na tope jirani kina samaki waliolala tu.

Ukipata mahali hapo, angalia upepo uliovuma usiku. Baada ya upepo wa kaskazini, ukingo wa kaskazini wa ghuba ndio uliokingwa. Maji yake hayakupigwa wala kuchafuka, na tope lake linatazama jua la kusini mchana kutwa. Katika West Bay, tawi la ghuba lililo kati ya kisiwa cha Galveston na bara, ule upande wa bara ndio wa kuanzia siku hizo. Ongeza chaza na umepata zaidi: magamba yao meusi hushika joto, na kaa hujificha ndani yake.

Nunua kipimajoto cha maji cha bei rahisi, ukifunge kwa kamba. Kitumbukize mferejini, kisha ukitumbukize juu ya tope. Kama tope limepata joto kuliko mfereji, vua kwenye tope. Kama ni sawa au tope ni baridi zaidi, vua kwenye mteremko wa mfereji na usubiri. Sijui kifaa kingine cha dola chache kinachomaliza ubishi haraka hivyo.

Kwa asiye na chombo, anzia Galveston Island State Park, upande wa ghuba. Ukivua ukingoni ndani ya mbuga za jimbo la Texas huhitaji leseni. Unalipa kiingilio cha mbuga tu. Kwa familia iliyofika karibuni, inayotaka kujaribu kabla ya kununua chochote kikubwa, sioni pahala pengine pa kuanzia. Texas City Dike, ule ukuta wa mawe wenye urefu wa kilomita 8 hivi unaoingia ghubani, unakupa kina karibu na miguu yako. Mawe yake ni utelezi, na meli kubwa zinazopita mkondoni hutuma wimbi linalofika dakika kadhaa baada ya meli kupita, wakati umeshaisahau. Seawolf Park, Pelican Island, pana gati na sehemu za kuegesha gari. Offatts Bayou, ndani ya mji wa Galveston, ni shimo refu linalojulikana kwa samaki wa baridi, ila kwa hapo kayaki inakusaidia sana. Kayaki pia inakufungulia mifereji ya mitaa ya nyumba za ufukweni kule West Bay: maji yake yana kina na yamekingwa na upepo pande zote, uwanja wa mtu na gati la mtu ni mali yake, lakini maji unapita. Christmas Bay na Bastrop Bayou, kusini zaidi, ni pa utulivu na pana watu wachache. Ramani ya zamani ikikupeleka Rollover Pass, iache. Mfereji ule ulishafukiwa.

Jingine: usiingie kwa miguu San Luis Pass. Mkondo wa mlango huo umeua watu wengi, wakiwemo waogeleaji hodari, na mchanga wa chini unahama chini ya nyayo.

Fimbo, chambo na mwendo wa mkono

Fimbo ya mita mbili na kidogo, ya uzito wa kati, inatosha. Rili ijaze mshipi wa kusokotwa wa ratili 15 au 20. Mwishoni funga kipande cha fluorokaboni cha ratili 20, kama sentimita 60. Usikiache kipande hicho ukidhani ni madoido: wakati wa baridi vijimea vya majini hupungua na maji huwa meupe, samaki anauona mshipi ambao kiangazi asingeuona.

Kwa chambo halisi, panga hivi: chubwi yenye tundu ipite kwenye mshipi mkuu, chini yake kipete cha kuzunguka, kisha ile fluorokaboni, kisha ndoana ya duara. Chubwi inalala chini, samaki akivuta mshipi unateleza ndani yake na hahisi uzito. Tumia chubwi ndogo kabisa inayoweza kukaa mahali pake. Ndoana ya duara ina adabu yake: usivute kwa nguvu samaki akigusa. Aliyezoea kukata mshipi kwa mkono kama wa kuvulia changu atampoteza samaki wa kwanza, na wa pili. Acha fimbo ipinde yenyewe, kisha zungusha rili taratibu. Ndoana inateleza hadi kona ya mdomo na kujishika.

Kaa wa bluu ndiye chambo cha kwanza majira haya. Mnunue duka la chambo. Vua gamba la juu, ondoa mashavu yake laini, kata makucha, kisha mgawe vipande viwili au vinne kwa kisu kizito. Toboa kwa ndoana pale mguu wa nyuma ulipoungana na mwili, ncha itokeze wazi upande wa pili. Ncha ikizama kwenye gamba, hakuna samaki. Kipande kama hicho kinatoa harufu kwa muda mrefu, visamaki vidogo havikiwezi, na redifishi, ambaye ana meno ya kusagia kooni, anakisaga na gamba lake. Baada ya kaa, mkizi aliyekatwa vipande, mbichi wa siku ile. Kamba waliokufa wanafaa pia na ni rahisi. Wanyofoe kichwa ili harufu itoke. Kamba hai wakati wa baridi ni haba na ghali, na kwa redifishi mvivu huoni faida ya kulipia miguu inayochezacheza.

Kimia unaruhusiwa kukitupa kwa ajili ya chambo. Redifishi akiingia kimiani, hata awe wa kipimo halali, mrudishe pale pale.

Chambo bandia ni raha yake nyingine. Chagua samaki au kamba wa plastiki laini, wa rangi zisizopiga kelele, kwenye ndoana yenye kichwa cha risasi cha gramu tatu unusu hadi gramu saba. Mrushe kupita mahali unapomdhania samaki, mwache azame hadi chini, kisha mburute. Ukidhani unaburuta polepole, punguza nusu. Halafu simama, uhesabu hadi tano, ndipo uendelee. Redifishi wa baridi hapigi kwa kishindo. Utahisi uzito tu, kama umenasa jani au kiatu kilichotupwa. Inua ncha ya fimbo kwa upole; kama kiatu kinatikisa kichwa, umepata. Kijiko cha rangi ya dhahabu kinafaa siku ya jua juu ya chaza, kikivutwa kwa mwendo mdogo kabisa unaokifanya kiendelee kuyumba.

Kabla ya kurusha popote, tazama. Mkizi mmoja akiruka ni mkizi tu, lakini mkizi wadogo wakitawanyika pamoja pana kitu chini yao. Vumbi la tope linalofuka majini bila sababu ni mdomo unaochimba. Miwani ya jua ya kuondoa mng'aro inakuonyesha migongo ya shaba kwenye maji haya meupe, na ukiona mmoja, simama. Kwa kawaida wako kundi, na maji ya magotini hayasamehe kishindo cha mguu wala kishindo cha chubwi kichwani. Rusha mbele yao, mbali kidogo, uwalete kwenye chambo. Na mahali ulipopata mmoja, usiondoke. Kiangazi redifishi anapita. Wakati wa baridi anakaa.

Akishikwa atakimbia, baridi au si baridi. Breki ya rili iwe laini kiasi cha kumwachia mbio ya kwanza. Mpokee kwa wavu, na kama unamrudisha, lowesha mikono kwanza, mshike kwa chini ya tumbo, mwelekeze kichwa kwenye maji yanayotembea mpaka aondoke kwa nguvu zake.

Mwili wako

Baridi ya hewa inaonekana kwenye simu. Baridi ya maji haionekani. Maji ya nyuzi 10 yanakukata pumzi ukianguka, na baada ya dakika chache vidole havifungi wala kufungua kitu. Vaa jaketi la kuokolea likiwa limefungwa, si limekaliwa. Ukiingia kwa miguu, vaa suruali ya mpira inayofika kifuani, na mkanda juu yake uliokazwa, ili ukiteleza isijae maji. Ndani vaa sufu au nguo za sintetiki. Pamba ikilowa inakuganda mwilini. Weka nguo kavu garini, na mtu nyumbani ajue umeingilia wapi na utatoka saa ngapi. Buruta nyayo badala ya kuzinyanyua. Taa ni wachache majira haya lakini hawajaisha wote, na mguu unaoburutwa unawagusa taa na chaza kabla ya kuwakanyaga.

Ukungu ni adui asiyezungumzwa. Upepo wa kusini wenye unyevu ukipita juu ya maji yaliyopoa, Galveston hufunikwa mara moja, hata mchana. Mwenye kayaki asikaribie mkondo wa meli siku kama hiyo, na dira isiwe ya simu tu.

Sheria, nayo ina sababu

Texas inaruhusu redifishi watatu kwa mtu kwa siku, kila mmoja awe na urefu wa kati ya inchi 20 na 28, yaani kama sentimita 51 hadi 71. Mpime akiwa amelala, mdomo umefungwa, ncha za mkia zikibanwa pamoja. Leseni ya maji ya chumvi huja na lebo ya kukuruhusu kumchukua mmoja aliyezidi inchi 28 katika mwaka wa leseni, unaoanza Septemba 1 na kuisha Agosti 31. Kanuni hubadilika, kwa hiyo kila msimu zisome upya kwa Idara ya Mbuga na Wanyamapori ya Texas. Ukivuka kuingia Louisiana, hesabu ni nyingine: tangu Juni 2024 ni samaki wanne, wa inchi 18 hadi 27, na aliyezidi 27 hachukuliwi kabisa. Usimpasue samaki chomboni wala gatini. Askari wa wanyamapori akifungua sanduku lako la barafu anataka kuona kichwa na mkia.

Hapo kwenye inchi 28 ndipo samaki anapokaribia kuzaa na kuhamia bahari kuu. Sheria inakupa vijana na kuwaacha wazazi, na ilifundishwa hivyo na balaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Paul Prudhomme, mpishi wa New Orleans, alimfanya redifishi wa kuunguzwa kwa viungo kwenye kikaango cha chuma kuwa mlo uliotakiwa Marekani nzima. Meli za nyavu kubwa zikayafuata makundi ya wazazi huko baharini. Kabla muongo haujaisha serikali kuu ilikuwa imefunga uvuvi wake katika maji ya shirikisho, na haujafunguliwa hadi leo. Texas ilikwisha kupiga marufuku biashara ya redifishi wa mwitu tangu 1981. Marufuku hayo yanakuhusu wewe pia: ukimpikia jirani ni ukarimu, ukimuuzia ni kosa, hata kama ni mtu wa kwenu na bei ni ya kirafiki. Redifishi wa hotelini anatoka kwenye mabwawa ya kufugia.

Baridi kali kupita kiasi ina kanuni yake. Februari 2021, Texas ilipoganda kwa siku kadhaa, idara ilikadiria kuwa samaki wasiopungua milioni 3.8 walikufa pwani ya jimbo hilo. Hali kama hiyo ikitabiriwa, idara inaweza kufunga kwa muda baadhi ya mashimo ambako samaki hukimbilia, kwa kuwa humo wanakuwa wamezubaa na wamerundikana. Angalia tangazo kabla ya kuondoka nyumbani.

Na kabla ya kuweka sufuria jikoni, jua ulivua wapi. Idara ya afya ya Texas imetoa tahadhari kuhusu samaki wa Houston Ship Channel na sehemu za juu za Ghuba ya Galveston, kwa sababu ya dioksini na kemikali nyingine za viwandani. Wajawazito na watoto wanatajwa kwa mkazo zaidi. Orodha inataja sehemu kwa sehemu na samaki kwa samaki, isome. Ndiyo maana sehemu nilizozitaja juu nyingi ziko kusini, upande wa West Bay na kuendelea.

Jikoni

Mweke kwenye barafu mara tu anapofika mkononi, hata kama hewa ni baridi. Magamba ya redifishi ni makubwa na magumu, na wenyeji wa pwani hii hawajisumbui kuyaparua. Wanapasua mnofu mzima mzima ukiwa na ngozi na magamba yake, wanaulaza kwenye moto magamba yakiwa chini, na magamba yanakuwa sahani. Njia hiyo inafaa mno kwa samaki wa kupaka. Saga kitunguu saumu, tangawizi, pilipili na chumvi, paka juu ya nyama, kamulia ndimu, acha nusu saa. Chemsha tui zito na ukwaju na bizari mpaka lipungue na kushika kijiko. Makaa yawe ya wastani. Laza mnofu, usiugeuze hata mara moja, na mwagia tui kidogo kidogo kila linapokauka. Nyama ikianza kuachana na ngozi yenyewe ukiigusa kwa uma, iko tayari. Ule ukanda wa nyama nyekundu iliyoiva uliopita katikati, kando ya ngozi, uache kwenye magamba. Ndio wenye shombo.